Stellarium: programu ya anga inayompima pia mtazamaji

Programu nyingi za nyota zina kazi moja tu: unaielekeza simu juu, nayo inakutajia jina la kile unachokiona. Stellarium, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabien Chéreau mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ambayo toleo lake la kompyuta hutolewa bure hadi leo, huifanya kazi hiyo vizuri, lakini si hiyo inayonifanya niipendekeze. Uzuri wake ni kwamba humwezesha mtu kuyachunguza mwenyewe maswali ya ajabu kuhusu anga, na mara nyingine kugundua kwamba jibu halimo angani, bali limo katika ubongo wake.

Tuchukue mwezi mpevu. Wakazi wa pwani ya Bahari ya Hindi wanaujua unavyochomoza baharini ukiwa mkubwa mno, kisha ukaonekana kunywea kadiri unavyopanda. Katika Stellarium, chagua Dar es Salaam kuwa mahali ulipo, bofya mwezi unapochomoza, kisha uharakishe saa kwa kitufe cha L huku ukisoma kipenyo chake kwenye maandishi ya pembeni. Usiku kucha kipenyo hicho hukaa karibu na nusu digrii, na mabadiliko madogo yanayotokea huenda kinyume na tunavyodhani: mwezi ulio kwenye upeo wa macho ni mdogo kidogo kuliko ulio utosini, kwa kuwa wakati huo tuko mbali nao zaidi kwa takriban nusu kipenyo cha dunia, yaani kilomita 6,400 hivi katika umbali wa wastani wa kilomita 384,400. Ukubwa ule tunaoushangaa hutengenezwa na akili, na wataalamu wa saikolojia hawajakubaliana hata sasa ni kwa njia gani hasa. Watengenezaji wa programu wanalifahamu jambo hili, ndiyo maana wameweka chaguo la kuukuza mwezi kwenye skrini mara nne, kwa wale wanaoona kwamba ukubwa wake halisi haufanani na ule walioukariri. Mimi nashauri chaguo hilo lizimwe, kwani likiwashwa somo lote linapotea.

Kitufe cha A huondoa angahewa. Ukikibonyeza saa sita mchana, buluu yote hutoweka mara moja na nyota hujitokeza kulizunguka jua lenyewe. Mwanafunzi aliyeambiwa tu kwamba hewa hutawanya mwanga wa jua, wa buluu zaidi kuliko mwekundu, na kwamba mwanga huo uliotawanyika ndio unaozificha nyota, hapa hulishuhudia jambo hilo kwa kidole kimoja.

Sehemu iliyonivutia kuliko zote ni uhuru wa kuzunguka katika tarehe. Wahenga walisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Weka mahali popote pa pwani yetu, kisha uende siku hadi siku kuanzia Aprili ukitazama magharibi mara baada ya magharibi kuingia: kundi hilo la nyota hushuka jioni baada ya jioni, na mwanzoni mwa Mei, masika yakiwa bado yananyesha, humezwa na mwanga wa jua linalotua. Mwezi Juni huonekana tena mashariki alfajiri, mvua kubwa zikiwa zimekwisha. Nusu ya pili ya methali imethibitika hapo, tena kwa hesabu. Na kwa kuwa Kilimia kiko umbali wa takriban miaka ya nuru 440, mwanga wake tunaouona leo uliondoka huko kabla ya mwaka 1593, ujenzi wa Ngome ya Yesu mjini Mombasa ulipoanza.

Kasoro zipo. Programu hutoa takwimu nyingi bila maelezo, hivyo mwanafunzi asiye na mwalimu anaweza kukiona kipenyo cha mwezi na asijue kwamba amekutana na fumbo. Menyu zimefichwa kwenye ukingo wa kushoto na wa chini, na mgeni anaweza kukaa muda mrefu bila kuzigundua. Anga yake pia inaweza kuwa safi kuliko ile ya Kariakoo au katikati ya Nairobi, lakini kuna kipimo cha uchafuzi wa mwanga ambacho ni vyema kukipandisha ili mtu asiende kutafuta nje nyota asizoweza kuziona. Toleo la simu lina sehemu za kulipia, na dira ya simu hupotoshwa na chuma kilicho karibu, kwa hiyo usiitegemee ukiwa kando ya nguzo au geti.

Ukiipeleka kompyuta nje, washa hali ya usiku kwa Ctrl na N ili skrini iwe nyekundu, kwani jicho huhitaji kama nusu saa kulizoea giza, na mwanga mweupe hulirudisha nyuma papo hapo. Kwa shule, faida kubwa ni kwamba programu ikishasakinishwa haihitaji intaneti kwa kazi zote nilizozieleza, ingawa kompyuta kuukuu zinaweza kulazimika kutumia toleo la zamani.