TAHADHARI: Tiketi za "bizinesi kwa bei ya ekonomi". Yetu ilikuwa halali kabisa, mpaka mama alipofika kaunta

Wakuu, hii ni ndefu kidogo, nivumilieni. Kama wewe au ndugu yako mna safari ya mbali na kuna mtu kawaahidi siti ya bizinesi kwa nusu bei kwa sababu eti "ana maili" (zile pointi ambazo ndege huwapa wasafiri wao), someni kwanza kabla hamjatuma hata shilingi mia.

Nianze na aibu yangu. Mimi ni yule mtu ambaye meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" huwa nazijibu kwa masihara, nawachosha mpaka wananitukana. Nilidhani tapeli hanipati. Huyu dada aliyeniuzia tiketi alinipata kwa sababu nusu ya kazi aliifanya vizuri, tena vizuri kuliko maajenti wengi ninaowajua.

Mama yangu ana miaka 68 na magoti yamechoka. Dada yangu yuko Toronto, alikuwa karibu kujifungua, na mama alitakiwa awepo. Kutoka Dar hadi kule, ukijumlisha na kusubiri ndege ya kuunganisha, unamaliza siku nzima na zaidi umekunja miguu. Nikasema safari hii mama akalale. Nikafungua tovuti ya ndege, nikaona bizinesi kwenda na kurudi ni milioni kumi na moja na ushee. Nikazima simu, nikaenda kunywa maji.

Wiki hiyohiyo shemeji akanitumia ukurasa mmoja wa Instagram. Picha nzuri, siti za kulala, watu wanacheka launji. Nikaandika. Dada akajibu ndani ya dakika mbili, "Karibu kaka angu." Akanieleza kwamba kuna bosi wake anasafiri kila wiki, amejaza maili hadi hajui azipeleke wapi na nyingine zinakaribia kuisha muda, kwa hiyo anawauzia watu. Bei yake milioni tano na laki mbili, kodi humohumo.

Nilipotaka kutuma pesa, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanaume. Nikamuuliza. "Ni mhasibu wetu kaka." Nikatuma. Hapo ndipo pa kwanza pa kusimama, na sikusimama.

Sasa sikilizeni sehemu inayowaponza watu. Dakika arobaini baadaye nikapata namba ya buking, herufi na tarakimu sita. Sikumwamini, nikaenda mwenyewe kwenye tovuti ya ndege nikaiingiza. Jina la mama likatokea kama lilivyo kwenye pasipoti. Siti 2K. Nikaweza hata kumchagulia chakula. Bado nikasema nihakikishe, nikapiga ofisi ya ndege hapa Dar. Yule kijana akasoma jina, akasoma tarehe, akasema tiketi imetolewa na iko sawa. Mtu angefanya nini zaidi ya hapo?

Mama akaondoka Jengo la Tatu pale Julius Nyerere kama malkia. Akanitumia picha akiwa kitini, kitenge chake cha bluu, glasi ya juisi ya machungwa mkononi, anacheka na meno yote. Nikaituma kwa yule dada na maneno ya shukrani. Akaomba aiposti, nikamruhusu. Na kibaya zaidi, nikawapa namba yake watu wawili kazini.

Wiki tano baadaye, saa saba usiku, dada yangu anapiga. Wako kaunta uwanjani Toronto, mama anarudi. Mfanyakazi wa ndege ameandika kwenye kompyuta muda mrefu, akamwita mkubwa wake, wakaanza kumuuliza mama maswali. Nikasikia sauti ya mama pembeni: "Mwanangu, hawa wananiuliza mwenye maili ni nani yangu. Niwaambie nini?"

Mwenye maili. Sikuwa namjua, mama hakuwa anamjua, na yeye hakuwa anatujua. Tiketi ya kurudi ilikuwa imefutwa siku mbili kabla. Hatukupata taarifa yoyote kwa sababu barua pepe iliyoandikwa kwenye buking ilikuwa ya yule dada.

Nikamwandikia usiku uleule. Alijibu, tena kwa upole: mfumo wa ndege una hitilafu, nitume laki nane ya kuirudisha hewani. Nilipomwambia arudishe pesa yangu, tiki ikabaki moja, ya kijivu, mpaka leo.

Tukanunua tiketi ya upande mmoja ya kesho yake, ekonomi, milioni tatu na laki tisa. Siti 41E, katikati.

Baada ya hapo nilikaa nikachimba jinsi hii biashara inavyokwenda, na ndiyo sababu naandika. Wengi wetu tunajua utapeli wa tiketi hewa: mtu anakupa karatasi, unafika uwanjani jina halipo. Huu si huo. Hapa tiketi ni ya kweli, ila imelipwa kwa maili za mtu mwingine.

Maili hizi si jambo geni. American Airlines walianzisha AAdvantage mwaka 1981, na leo karibu kila ndege kubwa ina mpango wake: Ethiopian wana ShebaMiles, Emirates wana Skywards, Kenya Airways wana Asante. Unajisajili bure, unasafiri, unalimbikiza, unabadilisha kwa tiketi. Tatizo ni kwamba akaunti hizi zina thamani kama akaunti ya benki ila wenyewe hawazilindi hivyo. Mtu anatumia neno la siri lilelile la barua pepe yake, halafu anakaa miezi sita bila kuifungua. Mwaka 2015 British Airways walilazimika kufunga kwa muda makumi ya maelfu ya akaunti za wateja wao baada ya watu wasiohusika kuziingilia.

Mwizi akishaingia, hahamishi maili. Anakata tiketi moja kwa moja kwa jina lako wewe uliyemlipa. Ndege inaiona ni tiketi halali, kwa sababu mwenye akaunti anaruhusiwa kumkatia ndugu au rafiki. Inabaki halali mpaka siku mwenye maili atakapofungua akaunti yake na kuona amemsafirisha bibi wa Kitanzania kwenda Kanada. Analalamika, ndege inafuta kilichobaki, inamrudishia maili zake. Ndiyo maana kwenda kulikuwa kuzuri na kurudi hakukuwepo. Na ndiyo maana ukurasa wa yule dada umejaa shukrani za kweli kutoka kwa watu wa kweli, mimi nikiwemo. Kuna ambao safari zao ziliisha kabla mwenye mali hajashtuka. Hao wataapa kwa Mungu kwamba dada ni mwaminifu.

Kuna aina ya pili, ambapo mwenye maili ameziuza mwenyewe kwa dalali. Hapo utasema basi hakuna aliyeibiwa. Lakini mipango karibu yote inakataza kuuza maili nje ya utaratibu wa ndege yenyewe, na ndege ikigundua inafuta tiketi na kufunga akaunti. Usifikiri mwenye maili atakwenda mahakamani akutetee. Marekani kulikuwa na kesi ya rabi mmoja, Ginsberg, aliyeondolewa kwenye mpango wa maili wa shirika la ndege la Northwest mwaka 2008 kwa madai kwamba analalamika mno. Akashtaki kwamba hakutendewa kwa nia njema. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikamkatalia dai hilo, majaji wote kwa sauti moja. Kama mwanachama halisi, mwenye maili zake za jasho, hakufua dafu, wewe uliyenunua uchochoroni una nguvu gani?

Ya tatu ndiyo ya kuogopa: tiketi iliyolipwa kwa kadi ya benki iliyoibwa. Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, wamekuwa wakiendesha oparesheni viwanja vya ndege nchi nyingi kwa ajili ya tiketi za namna hiyo, na abiria wanawekwa pembeni wahojiwe, wengine wanakamatwa. Abiria, nasema, maana muuzaji yuko zake mtandaoni. Mama yangu aliulizwa maswali mawili akaachiwa. Nikifikiria ingekuwa kadi ya wizi, usingizi unakata.

Mtu ataniuliza, kwa nini wateja wa hawa matapeli wamekuwa wengi siku hizi? Mimi naona ni tamaa yetu, sikatai, lakini pia mashirika yenyewe yamebana mlango. Siti ya mbele imekuwa chumba: Qatar walileta Qsuite yenye mlango wa kufunga mwaka 2017, wengine wakafuata. Kitu kizuri namna hiyo hakigawiwi tena ovyo. Delta na United tangu 2015 wanahesabu maili kwa pesa uliyolipa, si kwa umbali uliosafiri. British Airways wamebadili ngazi zao za uanachama tangu Aprili 2025, pointi zinafuata matumizi yako. Kwa ndege nyingi idadi ya maili za kukatia tiketi inapanda na kushuka kama bei ya nyanya. Kwa hiyo mtu wa kawaida anayesafiri mara moja kwa miaka miwili hafiki kule mbele kwa maili zake hata azikusanye hadi astaafu. Akija mtu na hadithi ya bosi mwenye maili za ziada, unaamini kwa sababu unataka kuamini.

Sasa mambo ya kuangalia, na haya nimeyalipia ada.

Usiridhike na namba ya buking. Dai risiti kamili ya tiketi ya kielektroniki. Namba ya tiketi ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: Ethiopian 071, Kenya Airways 706, Emirates 176, Qatar 157, Turkish 235. Ikikosekana kabisa, una buking tu iliyoshikiliwa, hakuna tiketi. Lakini ikiwepo, usishangilie bado, yetu ilikuwepo. Shuka chini kwenye mchanganuo wa nauli. Ukiona nauli yenyewe ni sifuri, au hakuna nauli bali kodi tu, au pametajwa maili, ujue unasafiria jasho la mtu. Jiulize ni nani. Mimi risiti niliipata, nikasoma jina na tarehe, sikushuka chini.

Ukipiga simu ofisi ya ndege, usiulize kama tiketi ipo. Uliza imelipwaje, na barua pepe gani imeandikwa kwenye buking. Kama wanakataa kukuambia wewe, msafiri mwenyewe apige.

Ajenti anayedai kusajiliwa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, ana namba ya tarakimu nane, mwombe, na IATA wana huduma ya kuihakiki. Tanzania kuna chama cha maajenti, TASOTA. Kenya kuna KATA. Waulizeni. Na pesa iende kwenye jina la kampuni. "Mhasibu wetu" ni wimbo.

Kama ndugu yako wa damu ana maili na anataka kukukatia, hiyo ni kheri tupu na mipango mingi inaruhusu, ingawa baadhi wanataka awe amekuandikisha kwanza. Na nyie wenye akaunti, acheni kuposti boding pasi mtandaoni. Ile misimbo ya mistari ina jina lako na namba ya buking, mara nyingi na namba yako ya uanachama pia.

Kuhusu magoti ya mama: kiti cha magurudumu kinaombwa bure, hata ekonomi. Kilimsaidia kuliko ile siti ya kulala. Na mashirika kadhaa yanakuruhusu, ukishanunua ekonomi, kutaja dau lako ili upandishwe bizinesi nafasi zikibaki. Hilo nimelijua nikiwa nimeshachelewa.

Nimefungua jalada polisi, nimetuma ile namba kwenda 15040, ya kuripoti matapeli Tanzania, nimewaandikia na ndege. Wale wawili wa kazini niliwawahi. Mmoja alikuwa tayari ametuma nusu, naye bado hanisalimii vizuri. Sitaji jina la ukurasa kwa sababu umeshabadilishwa jina mara mbili tangu Aprili na kesi inaendelea.

Ila picha hazijabadilika. Ile ya mama ipo palepale, ya tatu kutoka juu, na mioyo zaidi ya mia nne, chini imeandikwa "Mteja wetu wa VIP akifurahia safari". Nimeiripoti mara nne. Kwa hiyo ukikutana na mama wa makamo, kitenge cha bluu, glasi ya juisi, anacheka kwenye siti ya bizinesi, huyo ni mama yangu, na alirudi 41E.