Karti ya grafiki kwa montaji: uliza enkoda kabla ya kuuliza bei

Malalamiko mnayoniandikia kutoka komini za Katuba, Kampemba na Kenya hapa Lubumbashi yanafanana. Mpiga video wa harusi anayefanya montaji (uhariri wa video) ananunua karti ya grafiki, anaifunga kwenye kompyuta, anaanza kutoa video ya sherehe nzima, na mashine inakesha nayo vilevile. Prosesa inachemka, karti imekaa tu. Mwenye duka akipigiwa simu anajibu: "Ndugu, shida ni programu yako." Kuna wakati ni kweli, maana programu ya montaji ya Premiere Pro ilianza kutumia enkoda za karti za NVIDIA na AMD kwenye toleo la 14.2, Mei 2020, na wengi hapa bado wana matoleo ya zamani yanayopitishwa kwa flashi. Lakini kuna karti ambazo hazina enkoda kabisa, na hizo muuzaji hazitaji.

Enkoda ni sehemu ya chipu iliyotengwa kwa kazi moja: kubana picha ziwe video ya H.264 au H.265, aina mbili za mbano wa video. Ukubwa wa memori ulioandikwa kwenye katoni hausemi lolote juu yake. NVIDIA inaiita NVENC, na imekuwapo tangu GTX 600 za mwaka 2012. Hata hivyo GT 1030 haina. RX 6400 na RX 6500 XT za AMD zilitoka mwaka 2022, zinaonekana za kisasa, nazo hazina. Mtu anayefanya montaji asizinunue hata kwa nusu bei.

Halafu kuna mtego wa jina. GTX 1650 ya kawaida, yenye chipu ya TU117, ilibaki na enkoda ya kizazi cha nyuma. GTX 1650 Super na GTX 1660 zilipewa ile mpya ya kizazi cha Turing, inayobana H.265 vizuri zaidi, hivyo faili dogo linabaki na picha safi. Kwa mji ambao bibi harusi anataka video yake ifike kwa shangazi Kolwezi kwa megabaiti za kuhesabu, tofauti hiyo ni kubwa.

Ninayoipendekeza kwanza ni RTX 3060 ya GB 12. Sifichi kwamba naipendelea NVIDIA: programu karibu zote za montaji zinaitambua bila usumbufu, na memori ile inakuokoa ukirekebisha rangi za 4K ndani ya DaVinci Resolve. Inakula wati 170, kwa hiyo angalia kwanza alimentasyo (kisanduku cha kugawa umeme) ya kompyuta yako na uwezo wa inveta, maana umeme ukikatika usiku ndiyo itakayobeba mzigo.

Wengi wenu mnatumia zile kompyuta za ofisi zilizokwishatumika, za HP na Dell, zenye alimentasyo dogo. Kwenu ninyi nambari moja ni RTX 3050 ya GB 6: wati 70, nyingi hazihitaji waya wa ziada, na enkoda yake ni ya kizazi kimoja na ya 3060. Kama kasha ni jembamba, tafuta ile ya kimo kifupi (low profile).

GTX 1660 Super iliyotumika inafuata, ikiwa feni zake zinazunguka bila kelele. Arc A380 ya Intel inatoa hata AV1, mbano mpya zaidi wa video, lakini kwenye prosesa za zamani, kabla ya kizazi cha 10 cha Intel, nguvu yake inashuka sana. Kwa mashine tulizo nazo hapa, iacheni.

Wenye kamera ya Sony A7 IV wanisikilize pembeni kidogo. Mkirekodi H.265 ya 4:2:2 (inayotunza rangi nyingi zaidi), karti za NVIDIA kabla ya RTX 50 haziwezi kuifungua. Mtakwama hata kwenye kucheza tu. Prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 au zaidi inaifungua kwa grafiki zake za ndani, ndiyo maana i5-12400 inawafaa na i5-12400F haiwafai: hiyo F inamaanisha grafiki za ndani hazipo.

Sasa wauzaji. Zimo karti zinazojiita GTX 1050 Ti ambazo ndani ni GTS 450 ya mwaka 2010 iliyobadilishwa jina, kabla hata NVENC haijazaliwa. Programu ya bure ya GPU-Z inaziumbua: inaandika FAKE mbele ya jina. Nenda nayo kwenye flashi, pamoja na OBS, programu ya kurekodi video. Ndani ya OBS fungua orodha ya enkoda. NVENC isipoonekana, omba pesa yako irudi mfukoni.

Tatizo ni kwamba wengi wao wanakataa karti kufungwa kwenye mashine kabla ya kulipa. Dola yako wanaipindua, wanaiinua kwenye mwanga, ikiwa na mpasuko kidogo pembeni wanaikataa. Karti yao wewe uipokee ndani ya katoni, bila risiti, kwa bei inayopanda kulingana na viatu ulivyovaa, na ukirudi kesho unaambiwa uliiunguza mwenyewe. Ukiuliza sababu ya bei, unajibiwa mpaka wa Kasumbalesa, forodha, usafiri. Gharama hizo nazielewa. Ila forodha haimzuii mtu kuweka kompyuta moja mezani, mteja aone karti ikitoa video ya dakika moja kabla ya kuhesabu pesa. Duka linalokubali jaribio hilo ninyi liandikeni kwenye maoni, nami nitalitaja hapa.