Mini LED kwenye sebule ya Dar, uzoefu wangu

Wakuu, hii TV ya Mini LED inchi 55 nimekaa nayo muda wa kutosha sasa kuisemea, na naandika kwa sababu watu wananiuliza kila mara wachukue QLED au OLED au kama hii yangu, na ukienda Kariakoo jibu utakalopewa ni lile lile, "4K hiyo bosi, smart, ina YouTube". Siku hizi kuanzia inchi 50 kwenda juu karibu kila TV ni 4K, yaani picha yenye nukta nyingi, kwahiyo hilo halikusaidii kuchagua. Muulize muuzaji mwanga unatoka wapi na unazimwaje. Asipojua nenda duka la pili.

Iko hivi. TV nyingi za majumbani kwetu ni LCD hata kama boksi limeandikwa LED, kioo chenyewe hakiwaki, kuna taa nyuma yake zinamulika na kioo kinachuja tu. Kwenye TV za bei ya chini hizo taa ni chache na zinawaka zote kwa pamoja, ndo maana ukizima taa ya sebuleni ukaweka muvi yenye tukio la usiku unaona giza la kijivu badala ya jeusi. Mini LED wameweka taa ndogo ndogo nyingi sana, kuanzia mamia mpaka maelfu, wakazigawa mafungu na kila fungu linafifia au kuongezeka kivyake, mtu akitembea gizani na tochi basi linawaka fungu la pale kwenye tochi na mengine yanapoa. OLED yenyewe haina taa ya nyuma kabisa, kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, inajiwakia, na pikseli za 4K ni zaidi ya milioni 8, kwahiyo nyeusi ya OLED ni nyeusi kweli na hii yangu haiifikii, nasema wazi. QLED isikuchanganye jina, ni LCD ile ile imeongezewa tabaka la kwantamu doti, chembe ndogo mno za kusafisha rangi, ugunduzi wake ulipewa Nobel ya kemia mwaka 2023, rangi zinanoga kweli ila kama taa za nyuma ni zile za kizamani giza litabaki kijivu vile vile.

Sasa kwanini sikuchukua OLED? Bei kwanza, ya inchi hizo hizo ilikuwa karibu mara mbili. Afu sebule yangu hapa Tabata ina dirisha kubwa upande wa magharibi, mechi ya saa 11 jioni jua linapiga mpaka kwenye kioo, na joto la Dar nani anafunga madirisha na mapazia watu kumi mmejazana ndani? Hapo ndo Mini LED inaonyesha thamani yake maana ina mwanga mkali. Simba na Yanga wakicheza kwa Mkapa jioni, nusu ya uwanja jua nusu kivuli, kwenye TV yangu ya zamani mchezaji akiingia kivulini anapotea, kwenye hii namuona mpaka namba mgongoni. Raha yake sijui niielezeeje. Na jambo lingine, nyumbani kwetu chaneli ya habari inashinda imewashwa kutwa nzima, nembo iko pale pale, maandishi yanapita chini pale pale, na OLED ukiifanyia hivyo miezi na miezi inaweza kubaki na alama ya kudumu. Wameweka kinga siku hizi lakini kwa matumizi ya kwetu bado ningeogopa.

Kasoro zipo. Maandishi meupe kwenye giza, mfano tafsiri chini ya muvi, yanazungukwa na ukungu wa mwanga kwa sababu mafungu ya taa ni makubwa kuliko herufi. Ukikaa ubavuni rangi zinapauka, kioo ni cha aina ya VA, kinatoa weusi mzuri kwa aliyekaa mbele lakini wale wa kwenye mkeka pembeni wanapunjwa, na mimi hilo linaniuma maana mechi ni ya watu wote. Na ukipandisha mwanga mpaka mwisho units za luku zinakwenda kasi zaidi.

Setingi nazo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. TV ikitoka dukani rangi zimekolezwa ili ing'ae mbele ya wateja, majani ya uwanja yanakuwa kama plastiki. Shusha sharpness (ukali wa kingo za picha), weka modi ya muvi au Filmmaker kwa muvi za usiku. MEMC, ile TV kujitungia picha za katikati ili mwendo uwe laini, kwenye mpira naiacha kidogo tu, ukiizidisha mpira unaacha mkia na muvi inafanana na tamthilia. Na mkinunua ulizeni kama 120Hz, yaani picha kubadilika mara 120 kwa sekunde, ni ya kioo chenyewe, kuna TV ni 60Hz zimeandikwa 120 kwa ujanja wa programu.

Kuhusu 8K, yenye pikseli mara nne ya 4K, sioni sababu. Japani NHK walifungua chaneli ya 8K mwaka 2018, sisi huku mechi nyingi kwenye king'amuzi ni HD, na hata 4K ya Netflix saa moja inaweza kula mpaka GB 7, bando gani hilo jamani.

Kinachonisisimua ni RGB Mini LED. Badala ya taa za rangi moja nyuma ya kioo wanaweka nyekundu, kijani na bluu, rangi inaanzia kwenye taa yenyewe. Hisense walionyesha ya inchi 116 Las Vegas Januari 2025, Samsung wakaja na ya inchi 115 mwaka huo huo. Hizo ni za ukumbini na bei zake siyo zetu. Lakini Mini LED nayo ilianza hivyo hivyo, TCL walipoileta 2019 ilikuwa ya wenye nacho, leo imefika mpaka kwangu.

AFCON 2027 inachezwa hapa kwetu, Kenya na Uganda. Ikitokea kabla ya hapo RGB ya inchi 65 kwa bei inayoeleweka nitaenda kuiangalia na fleshi yenye kipande cha mechi ya mchana, wanichomekee nione kwa video yangu, siyo ile ya maua na samaki wanayoweka dukani. Nikiipenda nachukua na risiti ya EFD, waranti wagonge muhuri, inapandishwa kirikuu ikiwa imesimama, isilazwe, na nyumbani haigusi umeme bila TV guard.