Takwa msiiache, ila nahodha aliyetupeleka mimi simtaki tena

Nilisema ningoje hasira zishuke ndo niandike, sasa naona hazishuki, acha niandike hivihivi.

Mtu akiniuliza aje Kenya aone nini zaidi ya simba na twiga, mimi jibu langu ni Lamu, na nimelisema hilo mpaka watu wa nyumbani hapa Malindi wamenichoka. Safari hii nikamchukua mjomba wangu wa Tanga, mtu mzima, magoti yanamsumbua, miaka nenda miaka rudi ananiambia mpwa wangu nionyeshe hiyo Amu yenu, yaani Lamu, kabla sijafa. Basi mpaka Mokowe, gati la upande wa bara, vizuizi vya polisi njiani kama mnavyovijua, boti tukavuka, hayo yote sina neno. Mji wenyewe sina neno kabisa. Mjomba alikaa pale Mkunguni mbele ya ngome, kahawa tungu mkononi, punda wanampita, wazee wa barazani washamuuliza ukoo wake wote, akasahau kama kuna kulala.

Shida ilikuja na Takwa. Kwa wasioijua, ni magofu ya mji wa Waswahili uliopo kisiwa cha Manda, watu walikaa karne ya 15 mpaka ya 17 wakauhama, inasemekana maji ya visima yaliingia chumvi, wakavuka kwenda Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu. Kufika kwake kwa mashua unapita mkono wa bahari katikati ya mikoko, na unapitika maji yakijaa tu. Yakipwa ni tope. Hili kila mtoto wa Lamu analijua, nahodha ndo usiseme.

Na siku hizo zilikuwa za bamvua, mwezi umeandama juzijuzi, maji yanajaa sana alasiri na yakianza kutoka yanatoka mbio. Tulikubaliana na huyu bwana saa nane mchana, dipoziti nikamtumia kwa simu hapohapo. Saa nane hayupo. Saa tisa hayupo, napiga simu, "nakuja sasa hivi." Adhana ya alasiri ndo tunamuona anakuja polepole, kumbe kawapeleka Wazungu wawili Shela kwanza. Namuuliza kwa heshima kabisa, kaka mbona hivi, mzee amekaa juani. Akanijibu huku anafunga kamba, hata uso hakuuinua: "Wale ni wageni bwana, nyinyi wenyeji, mtavumilia."

Wenyeji. Mtu katoka Tanga na kigongo chake, pesa nalipa zilezile!

Haya, tukafika. Na hapa ndo naudhika zaidi manake pale mahali ni pazuri, pazuri mno, ningekuwa mkweli ningeipa nyota zote. Mibuyu, kuta za matumbawe, ule msikiti wa Jamia una nguzo imesimama juu ya ukuta wa kibla, sijaona msikiti mwingine hivyo. Mlinzi ni kijana mstaarabu, akatupeleka kwenye kaburi la nguzo lenye maandishi ya miaka ya 1680, akatuambia watu wa Shela huvuka kuja kuomba mvua pale. Mjomba akavua kofia, akamsomea fatiha marehemu asiyemjua, akasimama kimya kitambo. Mimi nikasema basi, yote nimesamehe.

Kumbe nimesamehe mapema. Tunarudi gatini, mashua haipo! Bwana kaenda kutafuta abiria wengine. Simu: "nakuja sasa hivi." Mjomba hakusema kitu, akaninyooshea kigongo kwenye mikoko. Wakati tunaingia majani ya chini yalikuwa yanagusa maji, sasa mizizi yote iko nje, na chini yake mstari wa tope jeusi unaopanda huku tunautazama, kaa wadogo washaanza kutoka mashimoni. "Mpwa wangu," akasema, "haya maji yanatutoroka."

Jua linazama ndo anatokea. Tukapanda, hata laifu jaketi hakuna, injini ikakohoa kidogo, mashua ikakaa juu ya tope ikatulia tuli. Akasukuma na upondo, wapi. Akatuambia tushuke tutembee mpaka kwenye maji marefu. Mzee wa watu akashuka, tope mpaka magotini, ananishika bega, giza hilo, mbu hao, makubadhi yake ya ngozi aliyonunua mjini Amu jana yake yakabaki mlemle, kila mguu akiuvuta unatoka mtupu. Yule nahodha nyuma yetu anaongea na simu, anacheka. Anacheka!

Aliyetuokoa ni mvuvi na kidau chake, akatuchukua mpaka mjini, pesa akakataa, akasema tu "huyu mzee ni kama babangu." Na mkewe akatuletea maji ya moto ya kunawa miguu. Sasa mtu ataisemaje Lamu vibaya baada ya hapo? Nilishaapa sirudi, nikaapa tena kwa mke wangu, halafu mjomba juzi kanipigia kutoka Tanga anauliza bamvua ijayo lini, anataka kuiona Takwa vizuri mchana wote. Tutaenda, nitafanyaje. Nyinyi pia nendeni, ila maji muulizie kwa wazee wa Shela, na mkishuka Takwa nahodha wenu asitoke machoni.

Wangu mpaka leo ananitumia meseji anataka salio lake. Aje Malindi alichukue. Tukubaliane saa nane mchana, akae juani, akinipigia nimwambie nakuja sasa hivi.