Fundi alisema kioo kimekufa, kumbe kapasita tatu tu

Nyota moja kwa fundi. Monita yenyewe bado sijaamua.

Ni ya mtumba, inchi 19, ile ya umbo la karibu mraba yenye taa za mirija nyuma ya kioo. Ukiiwasha, picha inatokea safi kwa sekunde mbili hivi, halafu giza. Kitaa cha swichi kinabaki kijani. Zima, washa tena, ni yaleyale.

Yeyote aliyefungua hata monita tatu za rika hilo anaijua dalili hiyo. Washa tochi ya simu, imulike kioo kwa mshazari ukiwa karibu. Ukiona ikoni na maandishi kwa mbali kama kivuli, kioo ni kizima na kilichozimika ni mwanga wa nyuma tu. Nusu dakika, bila bisibisi. Sasa huyu bwana wa kwenye plaza moja katikati ya Kampala hakumulika tochi wala hakugusa skrubu. Alitupa jicho mara moja, akarudi kwenye rolex yake (chapati iliyoviringwa na mayai), na mdomo umejaa akasema, "Ssebo (yaani bwana), kioo kimekufa. Tafuta nyingine." Kisha shilingi 20,000 za kupima. Kupima nini? Na nilipoibeba niondoke, ndipo akajitolea "kunisaidia" kwa kuinunua 15,000. Kioo kilichokufa unakitakia nini, ssebo?

Basi nikafungua mwenyewe. Stendi inatoka kwanza. Fremu ya mbele imeshikwa na vibanio, kwa hiyo tumia kadi ya zamani ya plastiki kuvibandua. Bisibisi itakuachia makovu. Chomoa plagi za taa taratibu kwa kushika kichwa chake, usivute waya. Halafu tahadhari ambayo haina mjadala: kapasita (kile kikopo kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme) kubwa ya upande wa stima ya ukutani huweza kuwa na volti kama 340 hata baada ya kuchomoa, maana 240 ikishapita kwenye dayodi huhifadhiwa kwa kiwango cha kilele chake. Itoe chaji kwa balbu ya zamani ya nyuzi, ya 240V, yenye nyaya mbili zilizovikwa vizuri, kisha hakikisha kwa mita ya kupimia volti kabla ya kuingiza vidole.

Mhalifu alikuwa anaonekana kwa macho: kapasita mbili za 1,000 µF (maikrofaradi, kipimo cha chaji inayohifadhiwa) na moja ya 470 µF, zote 25V, vichwa vimevimba kama maandazi. Zikichoka, volti inayolisha saketi ya taa inayumba, saketi inadhani kuna hitilafu, inajizima kujilinda. Ndiyo maana ya zile sekunde mbili. Unaponunua mbadala, µF ziwe zilezile, volti sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Chagua za nyuzi joto 105, si 85, na zile zenye upinzani mdogo wa ndani. Za kawaida zitakurudisha hapohapo baada ya miezi. Pima na kipenyo, nafasi kwenye bodi ni finyu. Piga picha kabla ya kutoa chochote: mstari kwenye ganda la kapasita ni upande wa hasi, lakini alama za bodi hazifanani kwa kila kiwanda, na ukigeuza itapasuka. Kama risasi ya zamani ya kulehemu haiyeyuki, ongeza mpya kidogo juu yake, itayeyuka. Kung'ang'ania kwa joto kali ndiko kunakobandua njia za shaba, na hapo ndipo kazi ya saa moja inageuka ya siku mbili.

Kama ingezima tena ningepima transfoma za saketi ya taa: upinzani wa koili za volti kubwa unatakiwa ukaribiane, na isiyosoma kitu imekatika. Baada ya hapo ni mirija yenyewe, na mrija wenye ncha nyeusi umefika mwisho. Haikufika huko. Iliwaka na ikabaki inawaka. Kapasita tatu hazikufika hata robo ya zile 20,000.

Rangi ndizo zilikuwa za manjano, na hapa pia fundi alikuwa na jibu: "rangi zimeungua." Fungua menyu ya monita yenyewe. Kama menyu ina rangi sahihi na picha ni ya manjano, kosa liko kwenye kebo au kompyuta. Manjano ni bluu iliyokosekana, yaani pini ya 3 ya VGA, ile plagi ya kebo ya picha. Ilikuwa imelala, nikainyoosha kwa koleo dogo. (Pini ya 9 kwa kebo nyingi haipo tangu kiwandani, usihangaike nayo.) Maandishi yenye ukungu? Weka 1280 kwa 1024, 60 Hz, bonyeza Auto. Basi.

Kwa hiyo monita ni nzuri? Asubuhi huanza na wekundu kwa dakika chache hadi mirija ipate joto, dalili ya uzee. Nilikuwa nataka kuipa nyota tatu. Lakini kwa kazi ya maandishi inatosha kabisa, naipa nne. Kununua nyingine kama hii, hapana, za mtumba zenye mwanga wa LED badala ya mirija zipo. Na kila nikiiwasha namkumbuka yule na rolex yake, nyota moja nayo naiona nyingi.

Kama ni lazima umwachie mtu kama huyo monita yako, piga picha ya stika ya nyuma yenye namba, kisha iwashe mbele yake ukipige picha na kioo chenyewe kikiwa kinawaka, hata kama ni kwa sekunde mbili.