Duka la unga Katuba: unga mzuri, tombola inaniumiza

Miezi 11 sasa nanunua unga wa mahindi katika duka hili la Katuba, hapa Lubumbashi. Unga hauna mchanga, bukari yake inashikana vizuri, na wauzaji wana heshima hata ukija kuchukua kilo moja.

Kinachoniumiza ni tombola, bahati nasibu ya kushinda friji. Kila kilo ni pointi. Nilidhani majina yote yanaingia kwenye ndoo, mtoto anachota. Kumbe wanafungua daftari, na wenye pointi nyingi kupita wote ndio peke yao wanachotewa. Kadi yangu imelegea pembe kwa kufungwa kwenye kitenge. Ina pointi 96. Kuna mama ana 610. Nikinunua, naye ananunua. Nitamfikia lini?

Mdogo wangu anaishi Colorado, Marekani. Huko vibali vya kuwinda elk, mnyama wa jamii ya kulungu, hugawiwa hivyo hivyo: ukikosa mwaka huu unapata pointi, na wenye nyingi wanatangulia. Kwa maeneo bora watu wanangoja zaidi ya miaka 20! Kijana anayeanza leo afanyeje? Jimbo la Nevada wanazidisha pointi zako kwa zenyewe, wanaongeza moja: mwenye 5 ana nafasi 26, asiye nazo ana 1. Mkongwe anaheshimiwa, mgeni naye yumo. Mimi nautaka utaratibu huo.

Nimemweleza mwenye duka, akaandika kwenye daftari lake. Unga nitaendelea kununua.