Tahadhari kwa wanaonunua mashine za boti za mtumba: kompresheni ya kutiwa oili

Ndugu wavuvi na wenye maboti, kuna mtego unaonasa watu kwenye biashara ya mashine za 2-stroke, zile zinazochanganya oili na petroli. Mtu anatangaza Yamaha Enduro ya mtumba, ya nguvu za farasi 40 au 15, "imefanyiwa ovaholi, kompresheni imesimama", yaani injini imefunguliwa na kutengenezwa upya, na mgandamizo wa hewa ndani ya silinda ni mzuri. Bei yake iko chini kidogo ya soko, si chini sana, isije ikakutia shaka. Ukifika anakupokea na geji ya kupimia kompresheni mkononi. Anaifunga kwenye tundu la plagi, anavuta kamba, sindano inapanda hadi paundi 130 (psi) silinda zote mbili. Unalipa. Siku chache baadaye mashine haina nguvu, ikipoa inawaka, ikipata moto inazima, na ukipima mwenyewe unakuta 70.

Mchezo unafanyika kabla hujafika. Muuzaji anainua mashine kama inavyoinuliwa boti likifika mchangani, na hapo hedi, yaani kifuniko cha silinda, inatazama juu. Anafungua plagi, anamimina oili nzito ya gia, vijiko viwili vitatu kila silinda, anazungusha flaiwili (gurudumu la juu ya injini) taratibu ili isambae, kisha anarudisha plagi. Oili hiyo inaziba mwanya kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Pia inakula nafasi ya chemba, ambayo tangu awali ni ndogo. Kwa sababu hizo mbili sindano inapanda. Hata silinda yenye michubuko ya kuonekana kwa macho inaweza kusoma kama mpya kwa mivuto michache. Mashine ikiwaka, oili inaungua na nyingine inatoka na ekzosi, na ukweli unarudi.

Kwa hiyo usikubali kipimo chochote cha mashine ambayo haijawaka mbele yako. Dai pipa la maji, maji yafunike matundu ya kuingizia maji ya kupoza. Kuiwasha mkavu hata dakika moja kunaweza kuharibu impela, pangaboi la mpira linalovuta maji ya kupoza. Iwake dakika 10 hadi 15. Wakati huo tazama maji yanayotoka kwenye tundu la pembeni: yatoke mfululizo, yasiwe ya kudonadona. Zima, toa plagi zote mbili, zitazame na uzinuse. Oili ya gia ina harufu kali ya salfa ambayo oili ya 2T, ile ya kuchanganya na petroli, haina kabisa. Ukiisikia kwenye plagi, mazungumzo yameisha.

Sasa pima. Nyaya za plagi zigusishwe kwenye chuma cha mashine, maana ukivuta kamba zikiwa zinaning'inia hewani unaweza kuua CDI, kifaa cha umeme wa kuwashia, na muuzaji atakulipisha. Mkono wa mafuta ufunguliwe mpaka mwisho na choki iwe wazi. Ikiwa frii, yaani haiko kwenye gia, mkono huo mara nyingi haufiki mwisho, basi sukuma wenzo wa kabureta kwa kidole. Kabureta ikifungwa, hewa haiingii na kipimo kinasoma chini bila kosa la injini. Hapa ndipo watu wengine wanapokataa mashine isiyo na kosa.

Geji iwe yako. Iwe na uzi wa milimita 14 na vali iliyo kwenye ncha inayoingia silindani. Geji yenye mpira mrefu na vali iliyo juu karibu na uso wa geji inasoma chini, kwa kuwa nafasi ya mpira wote inahesabiwa kuwa chemba. Ijaribu kwanza kwenye mashine unayoijua kuwa ni nzima. Vuta kamba kwa nguvu ileile mpaka sindano isipande tena, mara 5 hadi 8, na idadi iwe sawa kwa silinda zote mbili. Angalia mvuto wa kwanza kwa makini zaidi ya wa mwisho: ringi nzima hupandisha sindano kwa kishindo mara moja, zilizochoka hupanda kidogo kidogo kama mtu anayepanda mnazi kwa mara ya kwanza.

Namba yenyewe isikubabaishe sana, kwa sababu geji hutofautiana. Mashine hizi zikiwa nzima husoma zaidi ya paundi 100, na chini ya 90 hesabu kuwa unanunua injini ya kufunguliwa. Lililo kubwa ni tofauti kati ya silinda: isizidi asilimia 10. 120 na 116 ni sawa. 120 na 100 ni ugonjwa. Na ukikuta 160 usifurahi. Ama kuna kaboni nyingi juu ya pistoni, ama hedi ilipinda ikakwanguliwa sana, na injini ya namna hiyo hugonga na kutoboa pistoni ukiiendesha kwa kasi muda mrefu.

Ukitaka kujua ugonjwa uko wapi, rudia ujanja wa muuzaji mchana kweupe: tia kijiko kimoja cha oili ya 2T kila silinda. Silinda za mashine ya boti zimelala, oili hukaa upande wa chini tu, kwa hiyo zungusha taratibu mara kadhaa kabla ya kupima. Sindano ikiruka kwa 20 au 30, ringi au silinda imekwisha. Isiposogea, shuku gasketi ya hedi au pistoni iliyotoboka.

Lakini kompresheni haikwambii habari ya kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Katika 2-stroke, mchanganyiko wa hewa na petroli hupitia kwanza chumba cha kranki. Sili ya kranki, mpira unaozuia hewa kupita, ikikauka, hewa ya ziada inaingia, mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda na pistoni inakamata, hata kama juzi ulipima 125. Dalili yake ni mashine inayopandisha mzunguko yenyewe ikiwa sailensa (ikinguruma bila kupewa mafuta), au isiyotulia kila ukiirekebisha. Mashine iliyowahi kuzama ni mbaya zaidi: beringi za konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, hupata kutu ya vidoti, na hakuna rangi ya nje inayoitibu. Toa plagi, zungusha flaiwili kwa mkono polepole. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga, ondoka.

Neno "ovaholi" nalo limechezewa vya kutosha. Kinachouzwa kwa jina hilo mara nyingi ni ringi mpya ndani ya silinda kuukuu, msasa kidogo na rangi ya kupuliza. Silinda iliyolika si duara tena, na juu ni pana kuliko chini. Ringi mpya haiwezi kukaa humo. Enduro 40 ya silinda mbili ina 703 cc, kipenyo cha silinda cha milimita 80.00 na mwendo wa pistoni wa 70. Silinda hupimwa sehemu tatu, juu, katikati na chini, kila sehemu pande mbili zinazokatana. Ikifika 80.10 imevuka mpaka, inachongwa kwenda 80.25 au 80.50 na kuwekewa pistoni ya saizi hiyo. Enduro 15, yenye 246 cc, ina kipenyo cha 56 na mwendo wa 50, na kanuni ni hiyohiyo. Basi muulize muuzaji: ilichongwa kwenda saizi gani, na karakana gani? Ukichungulia kwa tochi au kamera ndogo kupitia tundu la plagi, pistoni za oversaizi huwa na namba ya saizi imegongwa kichwani. Akisema ilichongwa na pistoni haina namba, hakuna ovaholi hapo.

Tazama pia bolti za hedi. Rangi ya kiwandani ikiwa haijakatika kwenye vichwa vya bolti, hedi haijawahi kufunguliwa, maneno yake yote ni ya bure. Kama kila kitu kimepuliziwa rangi mpya, hata bolti na nyaya, jiulize inaficha nini.

Hata kazi iliyofanywa kweli inaweza kuwa bomu, na haya fundi mzuri atakujibu bila kusita. Baada ya kuchonga, kingo za matundu ya ekzosi na ya kupitishia mchanganyiko lazima zilainishwe; zikiachwa kali zinang'oa ringi. Kila mfereji wa ringi una pini ndogo, na ncha mbili za ringi zikae kuizunguka. Ikipanda juu ya pini, inavunjika mara ya kwanza unapofunga silinda. Alama ya UP kwenye pistoni ielekee flaiwili. Klipu za pini ya pistoni zisirudiwe kamwe, ni kitu cha bei ndogo na ikichomoka inachimba silinda mpya mfereji. Nafasi kati ya pistoni na silinda kwa Enduro 40 ni milimita 0.060 hadi 0.065. Anayekwambia "imeingia vizuri kwa mkono" hajapima. Hedi iwekwe juu ya kioo au rula iliyonyooka, na fila (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.10 isipite chini yake. Gasketi mpya, bolti zikazwe kwa awamu mbili kuanzia katikati.

Upande wa karatasi ni mfupi. Bamba la namba ya mashine liwepo kwenye brakati ya kushikia boti, lisiwe limekwanguliwa wala kubanduliwa. Mashine za boti zinaibwa sana, Ziwa Victoria hasa, na ukikutwa nayo wewe ndiye utakayeeleza. Mwandikiane mbele ya viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi, wa mwalo wako. Na usitume hela ya "kushikilia mzigo" kwa simu kabla ya pipa la maji na geji.

Kama umeshanunua na kipimo kimeshuka, usiendelee kwenda nayo mbali ukitumaini itajirekebisha. Pistoni inayoweza kuokolewa leo itabomoa konrodi kesho, tena ukiwa nje ya mwamba, na upepo hautakusubiri. Ifungue, pima silinda, badilisha sili za kranki zote kwa safari moja, usafishe kabureta na uangalie impela, kwa kuwa kilichoua pistoni ya kwanza kitaua na ya pili. Ikifungwa upya, saa 10 za mwanzo tumia oili ya TC-W3, daraja la oili ya 2-stroke za boti, kwa petroli 25 kwa oili 1, yaani mililita 800 kwenye dumu la petroli la lita 20, na saa ya kwanza usivuke nusu ya mkono wa mafuta. Baada ya hapo rudi 50 kwa 1, mililita 400 kwa dumu lilelile. Oili ya gari usiiguse. Na unapoipeleka kwa fundi mwambie mapema kabisa kwamba pistoni, ringi na sili za zamani utaondoka nazo wewe.